Maji ya kisima na pua ya mwenye kutawadha

SWALI: Assalaam alaykum. Hapa Kisauni twatawadha kwa maji ya kisima yanayopandishwa kwenye tangi juu ya dari. Mwanangu amesoma habari za mdudu wa majini anayekula ubongo, na sasa anakataa kupandisha maji puani. Je, hofu yake ina msingi? — Mama wa watoto wanne

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Msingi upo. Kiumbe huyo ni amiba aitwaye Naegleria fowleri, asiyeonekana kwa macho, anayeishi katika maji ya moto au ya vuguvugu yasiyo ya chumvi, kwa hiyo bahari yetu si makazi yake. Akinywewa hana madhara. Njia yake ni pua: maji yakivutwa hadi juu kabisa, hushika neva ya kunusia akaifuata mpaka ubongoni, na baada ya siku kama 5 huanza homa, maumivu makali ya kichwa, kutapika na shingo kukakamaa, kisha wengi hufariki katika siku chache.

Ugonjwa huu ni nadra sana. Nchini Marekani, kuanzia 1962 hadi 2023, waliothibitishwa kuugua ni 164, na waliopona ni 4. Wengi wao huko walikuwa wameogelea, lakini Karachi, Pakistan, wamekufa watu ambao hawakuogelea popote, na madaktari wakayashuku maji ya mfereji na ya matangi waliyotawadhia. Mji ule una joto na Waislamu wengi kama wetu, ndiyo maana sithubutu kukwambia upuuze.

Sunna isiachwe. Chemsheni maji yatokote dakika 1, yapoe, yakae katika birika lenye kifuniko kwa ajili ya pua peke yake. Viungo vingine vioshwe kwa maji ya kisima bila wasiwasi. Tangi nalo lisafishwe na kutiwa klorini.

Jambo moja linanikera: kwetu kila homa huitwa malaria kabla ya kupimwa. Mtoto akishikwa na homa pamoja na kichwa kikali, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mkamwambie daktari ni lini maji yalimwingia puani, kwa sababu dalili hizi hufanana mno na za homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, na asiyeambiwa habari ya maji hatakuwa na sababu ya kumtafuta amiba.