Gita langu limekuwa kama limetafunwa na panya, nifanyeje?

SWALI: Fundi za leo. Mi nina gita la umeme jekundu, jipya, la bei ya kawaida tu, sasa nikawa naona yale magita ya wazee rangi imechakaa mpaka mbao inaonekana, nikayatamani. Nikachukua msasa nikasugua kona zote, mbele nyuma, yaani jamani linaonekana limetafunwa na panya. Mbao imetoka nyeupeee, rangi pembeni imebaki nene kama ganda la yai. Na nilishaliweka kwenye friza usiku kucha eti litapata zile nyufa nyembamba, wapi, limetoka vilevile na baridi yake. Linaokoleka kweli?

JIBU: Pole ndugu yangu, ila hapo kwa panya nimecheka sana. Linaokoleka, usilitupe. Shida yako imeanzia kabla hujashika msasa, hukujua gita lako limepakwa nini. Yale ya zamani unayoyatamani, ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, yalipakwa laka ya nitro, aina ya vanishi, inakauka tabaka jembamba na inaendelea kusinyaa miaka na miaka, ndo maana ikipigwa na baridi ghafla halafu joto inapasuka nyufa kama za udongo uliokauka. Magita mengi ya sasa ya bei ya kawaida yana poliesta au poliyurethani, kwa kifupi poli, hiyo ni kama plastiki, nene, ngumu, haijali friza yako hata ulale nayo humo. Ukitaka kuhakikisha, fungua ile plastiki ya mbele chini ya nyuzi, chukua pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, gusa sehemu iliyojificha: ikianza kunata ni nitro, ikikaa tu imekutazama ni poli. Lako nina uhakika ni poli, ganda la yai ndo ushahidi wenyewe.

Kwa hiyo nyufa sahau. Ila kuchakaa unaweza kupata vizuri tu, na hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanasugua kila kona sawasawa kama wanasafisha sufuria. Gita halichakai hivyo, linachakaa pale mwili wa mtu unapoligusa! Livae, kaa upige nusu saa halafu angalia: mkono wako wa kulia unalalia ukingo wa juu, hapo rangi inaisha kwanza, tena kwa umbo la mkono, pana katikati inapotea taratibu pembeni. Nyuma, chuma cha mkanda wa suruali kinaacha mikwaruzo mifupi mifupi imerundikana sehemu moja. Shingo nyuma inakuwa laini pale kidole gumba kinapopita. Sasa ile pembe ya chini upande wa ndani, pale viganja havifiki, wewe umesugua mpaka mbao, nani alikuwa anashika hapo?

Angalia gita la Rory Gallagher, yule mpiga gita wa Ireland, Stratocaster ya 1961 (gita la umeme la kampuni ya Fender) aliyoinunua 1963, rangi karibu yote imeisha, na wengi wanasema jasho lake ndo lilikuwa linaila. Hata pale iliyoisha kabisa huoni mstari wa kukata, inafifia tu.

Sasa lako. Lile ganda lisawazishe na msasa wa maji namba 400 halafu 800, lakini maji kidogo sana karibu na mbao isije ikavimba, na usivute mkono upande mmoja maana mistari ya msasa iliyonyooka inakuchoma hata kwa mtu asiyejua gita. Kwenye poli kuna tabaka la chini limeingia kwenye vinyweleo vya mbao, unadhani umefika kumbe bado inang'aa, kwangua mpaka iwe mbao kavu kweli. Halafu uchafu! Mbao iliyoshikwa miaka thelathini haiwi nyeupe. Polishi ya viatu ya kahawia, kidogo kwenye kitambaa, sugua, futa, rudia kesho. Mi huwa nachanganya na nyeusi kidogo sana. Vaa barakoa unaposaga, vumbi la poli si la kuchezea, na kabla ya yote toa shingo na nyaya zote.

Sehemu zile zisizotakiwa kuchakaa, kama hiyo pembe ya ndani, jaza rangi upya tu. Inauma ila ndo hivyo.

SWALI: Na vyuma je? Vinang'aa kama vijiko vipya, nimeambiwa niviloweke kwenye asidi.

JIBU: Usiloweke. Kwanza angalia ni nikeli au kromu, nikeli inafifia vizuri, kromu ni mbishi, utahangaika wiki nzima. Kama ni nikeli, weka siki ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, vyuma vining'inie juu bila kugusa, mvuke ndo unafanya kazi, chungulia kila baada ya muda, ikipita kiasi inakuwa kutu tupu. Vifunguo vya kukazia nyuzi usiviweke kabisa, vina gia ndani. Na fanya nje ya nyumba, mbali na vifaa vyako, mi nilifanyia ndani mara moja, asubuhi bisibisi zangu zote zimeshika kutu na gita jingine lililokuwa limeegemea ukutani skrubu zake pia, hilo lilikuwa la mteja.

SWALI: Nikija kuliuza nitaje kwamba nimelichakaza mwenyewe?

JIBU: Taja. Fender wenyewe wanauza magita yaliyochakazwa makusudi tangu 1995 na wanayaita Relic wazi wazi, hakuna anayedanganywa. Na kama siku moja utapata la zamani kweli, hilo msasa usilisogelee.