Maswali Yenu: Mawe ya Tangi la Maji ya Chumvi Kabla ya Samaki wa Kwanza

Barua nyingi tulizopata zinahusu mawe ya tangi jipya la maji ya chumvi, na karibu zote zinachanganya kazi mbili. Kutakasa mawe ni kuondoa uozo na fosfati iliyojificha ndani yake. Kukomaza tangi ni kuotesha bakteria watakaokula amonia, sumu inayotoka kwenye taka za samaki. Mawe yanaweza kuwa safi kabisa huku tangi likiwa bado sumu kwa samaki.

Ndugu Mhariri, nimenunua kilo 15 za mawe makavu ya matumbawe kwa mtu aliyevunja tangi lake. Langu ni la lita 150. Mawe yakilowa yananuka. Nikiyapanga hivyo hivyo tangini, si yatajisafisha yenyewe? – Msomaji, Ntinda, Kampala

Usiyapange. Harufu hiyo ni ya sponji, minyoo na mwani waliokaukia ndani ya vitundu, na wakilowa wanaanza kuoza upya. Amonia itakayopanda ingevumilika, kwa kuwa hupita. Shida ni fosfati. Jiwe la chokaa huishika na kuiachia kidogo kidogo kwa miezi, na mwani wa nywele huishi kwa hiyo. Mawe yakishapangwa na samaki wakiwa ndani, kuitoa ni kazi ngumu mno.

Kazi chafu ifanye kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ya tangi huagizwa kutoka nje na haifai kupotezwa kwenye uozo. Sugua mawe kwa brashi ngumu, kisha yaweke kwenye pipa la plastiki la lita 100. Tia lita 60 za maji na lita 6 za jiki isiyo na manukato. Nyingi zina hipokloriti ya sodiamu ya karibu 3.5%, lakini soma lebo. Weka pampu ndogo ya zamani izungushe maji kwa saa 24 hadi siku tatu. Fanyia nje, uvae glavu, na usichanganye jiki na asidi wala amonia hata tone, maana gesi inayotoka huumiza mapafu.

Mwaga, suuza, kisha loweka kwa maji safi yenye dawa ya kuondoa klorini (thiosalfeti ya sodiamu) kwa siku nzima. Rudia mpaka pua isisikie klorini, halafu anika juani wiki moja.

Baada ya hapo yarudishe pipani kwenye maji safi, pampu ikizunguka, kifuniko juu ili mwanga usioteshe mwani. Pima fosfati kila wiki. Ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, mwaga maji yote uweke mengine. Mawe mengine humaliza kwa wiki tatu, na yaliyotoka kwenye tangi lililojaa samaki huenda hata miezi miwili. Yamekamilika pale maji yaliyokaa siku tatu bila kubadilishwa yanapokuwa hayana harufu, amonia ni sifuri na fosfati iko chini ya 0.1. Kilo 15 zinatosha kwa tangi lako. Kama ni mepesi yenye vitundu vingi, hata kilo 10 zingetosha.

Kumbuka kwamba jiki imeua kila kitu, pamoja na bakteria wazuri. Sifuri ya amonia hapo ina maana kwamba hakuna kinachooza. Haina maana kwamba tangi liko tayari. Jibu linalofuata linakuhusu wewe pia.

Mimi sina njia ya kupata mawe hai (yanayokuja na bakteria wake tayari). Rafiki ananishauri nitie kipande cha samaki wa ngege kioze tangini ili bakteria waanze. Ni sawa? – Msomaji, Entebbe

Kitafanya kazi, lakini hatukushauri. Huwezi kujua kipande kitatoa amonia kiasi gani, na kinaleta fosfati ile ile uliyohangaika kuiondoa. Tumia kloridi ya amoniamu, inayopatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara. Yeyusha gramu 6 katika lita moja ya maji yaliyochujwa. Mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji ya tangi hukupa amonia ya karibu miligramu 2 kwa lita. Tangi la lita 150 lenye mawe huwa na maji kama lita 130, kwa hiyo mililita 130.

Kabla ya hapo chumvi iwe imeyeyuka kabisa: gramu 35 hadi 38 kwa lita, mpaka refraktometa (kifaa cha kupima chumvi) isome 35 kwa elfu. Ihakikishe kwanza kwa maji ya kupimia yanayojulikana kuwa na chumvi ya 35, maana ikiwa imepotoka, chumvi yote itapotoka nayo. Weka joto nyuzi 26, pampu zizunguke, taa zizimwe.

Bakteria wa chupa hupunguza kungoja kutoka wiki nne hadi sita hivi mpaka wiki mbili au tatu, mradi wawe hai. Chupa iliyokaa juani dukani au kwenye buti la gari inaweza kuwa maji matupu. Tia amonia na bakteria siku moja, kisha pima kila baada ya siku mbili. Amonia hushuka, nitriti hupanda (ndiyo amonia iliyogeuzwa na bakteria wa kwanza), nitrati hufuata (ndiyo nitriti iliyogeuzwa na bakteria wengine). Usiongeze amonia mpaka ya kwanza iishe na nitriti ianze kushuka.

Natia amonia kila siku kama nilivyoelekezwa. Amonia inaisha ndani ya siku moja, lakini nitriti imekwama kwenye rangi ya mwisho ya kipimo kwa wiki tatu. Nimekosea wapi? – Msomaji, Jinja

Ni hiyo "kila siku". Amonia ya miligramu 2 hugeuka nitriti ya miligramu 5. Ukitia kila siku kwa wiki moja, umejenga nitriti ya 35, na kipimo chako huenda mwisho wake ni 5. Nitriti inaweza kuwa inashuka na wewe huoni. Chukua sehemu moja ya maji ya tangi na tisa za maji yaliyochujwa, pima, kisha zidisha kwa kumi. Usiiamini nitrati kwa sasa, kwa sababu vipimo vingi vya nitrati huhesabu na nitriti, hivyo husoma juu kupita kiasi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawaliangalii. Bakteria wanapogeuza amonia wanakula ualikali wa maji, yaani uwezo wake wa kupinga asidi, unaopimwa kwa dKH. Kila dozi ya miligramu 2 huondoa karibu 0.6 dKH, kwa hiyo baada ya dozi kumi umepoteza 6 kati ya 8 au 9 ulizoanza nazo. Pima. Ikiwa chini ya 6, bakteria wako wanachechemea. Gramu 3 za bekingi soda (si bekingi pauda, wala magadi) hupandisha lita 100 kwa 1 dKH. Yeyusha kwanza kwenye kikombe, na usipandishe zaidi ya 2 kwa siku.

Kama mawe yako yaliogeshwa jiki na fosfati inasoma sifuri kamili, hiyo nayo huwakwamisha wale wa nitriti, kwa sababu wanahitaji fosfati kidogo ili wakue. Chembe chache za chakula cha samaki zinatosha. Acha amonia, badilisha nusu ya maji, ungoje.

Huku kwetu chumvi ya Katwe ni rahisi. Kwa nini nisiitumie? Na shemeji yangu wa Tororo anaweza kunitumia mawe ya chokaa bure. – Msomaji, Kasese

Yote mawili hapana, na sababu zinatofautiana.

Lita moja ya maji ya bahari haina chumvi ya mezani tu. Ina magnesi ya karibu gramu 1.3 na kalsiamu ya gramu 0.4, pamoja na vingine vingi. Ziwa Katwe ni la kreta, na chumvi yake imejaa kaboneti na salfeti. Kaboneti hizo huiangusha kalsiamu chini kama unga mweupe. Inafaa kwa chakula na mifugo, lakini viumbe wa bahari hawataishi ndani yake.

Kuhusu Tororo, jiwe litatoa povu ukilidondoshea siki na utadhani limefaulu. Siki inakuonyesha chokaa tu. Chokaa ya Tororo ni ya asili ya volkeno, ya jamii moja na vilima vya Sukulu vilivyo jirani, ambavyo vinajulikana kwa fosfati. Unaweza kuwa unaingiza tangini mbolea ya mwani isiyoisha. Jiwe lolote la machimbo liloweke wiki mbili na upime fosfati kabla ya kuliamini.

Nitakuwa Mombasa mwezi ujao. Naweza kuokota mawe ufukweni? – Msomaji, Mbale

Usiokote. Matumbawe magumu, pamoja na mawe yake, yamo kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Katika hifadhi za bahari za Kenya hairuhusiwi kuyaondoa kabisa. Nunua mawe ya kutengenezwa au yaliyotumika.

Nitumie maji ya bomba au ya mvua? – Msomaji, Mukono

Ya bomba, yakipita kwenye mtambo wa osmosisi ya kinyume, unaoyachuja kwa utando mwembamba. Ukikosa mtambo, tumia dawa ya klorini hata kwa maji ya kujazia yale yaliyovukizwa, maana klorini huua bakteria uliowaotesha. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati hubeba zinki, na konokono na kamba hawaivumilii.

Nyumba yetu ni baridi usiku na umeme hukatika. Bakteria hawatakufa? – Msomaji, Kabale

Baridi haiwaui. Inawachelewesha, na chini ya nyuzi 20 utaona kipimo kinasogea polepole mno. Kwa Kabale weka hita ya wati 2 kwa kila lita, ikiwezekana mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikigoma nyingine ibaki.

Hewa inastahili uangalifu zaidi. Kwenye mita karibu 2,000 msukumo wa hewa ni pungufu kwa kama moja ya tano kulinganisha na pwani, na maji hushika oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Maji ya chumvi nayo hushika oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na bakteria hawa wanaihitaji sana. Elekeza pampu moja juu mpaka uso wa maji uchemke kwa mawimbi madogo. (Kampala nako kuna upungufu, kama asilimia 13.)

Umeme ukikatika, bakteria walio kwenye mawe yaliyolowa huvumilia saa nyingi. Kuwa na pampu ya hewa ya betri. Kama una chujio la mkebe (lililo nje ya tangi, limefungwa bila hewa) na limesimama saa kadhaa, usiliwashe hivyo hivyo. Lifungue, mwaga maji yake, suuza, ndipo uwashe, la sivyo unamwaga uozo wote tangini. Kesho yake pima amonia kabla ya kulisha.

Amonia na nitriti zote sifuri. Niweke samaki leo? – Msomaji, Gulu

Tia amonia ya miligramu 2 leo. Ikiwa kesho saa hizi zote mbili ni sifuri, tangi limekomaa. Badilisha maji mpaka nitrati iwe chini ya 20, kisha weka samaki wadogo wawili, si sita, na ungoje wiki mbili kabla ya kuongeza. Kama samaki watachelewa kufika, endelea kutia nusu dozi kila siku ya tatu, kwa sababu bakteria wasiolishwa hupungua. Vumbi la kahawia litakalofunika mawe na mchanga wiki hizo ni diatomu, mwani mdogo mno. Livute kwa mpira unapobadilisha maji, na upunguze taa ziwake saa sita kwa siku mpaka litoweke.