Bosi akikushinda, ondoka mlangoni kwake

Mwaka 2022, wiki chache baada ya gemu ya Elden Ring kutoka, nilikuwa nikitoka kazini Mwanakwerekwe na kwenda moja kwa moja kwenye banda la gemu la mtaani kwetu, ambako saa moja ilikuwa shilingi 1,000, na kwa jioni tatu mfululizo nikalipa fedha hiyo ili nipigwe na bosi mmoja tu, yaani adui mkubwa wa kwenye gemu, aitwaye Margit, anayelinda njia ya kuingilia ngome ya Stormveil. Mpwa wangu, aliyekuwa bado skuli ya msingi na aliyekuja kutazama tu kwa kuwa mfukoni hakuwa na kitu, alivumilia jioni ya kwanza na ya pili. Ya tatu akasema, "Mjomba, huyu si wa leo. Nenda kwengine kwanza." Nilimnyamazisha, nikalipa saa nyengine, nikapigwa tena.

Mtoto alikuwa sahihi, na kosa langu nimeliona kwa watu wengi wanaoanza gemu za namna hii. Tumezoea gemu zinazokuuliza mwanzoni kama unataka wepesi, wastani au ugumu. Hidetaka Miyazaki na wenzake wa FromSoftware, kampuni iliyoitengeneza Elden Ring, hawakuweka swali hilo, na wengi wakadhani wametunyima nafuu, ilhali nafuu yenyewe imetawanywa ardhini. Ukitoka pangoni mwanzo wa safari, adui mkubwa wa kwanza unayemwona ni mpanda farasi aliyevaa dhahabu, anazunguka barabarani peupe, na mtu mpya hamuwezi. Hajazuia chochote. Unaweza kupita pembeni, ukachutama kwenye majani, ukaenda zako, na hilo ndilo somo aliloletewa kulifundisha.

Basi nilipokubali kuondoka kwa Margit, nilishuka kusini hadi Weeping Peninsula, rasi ambayo nilikuwa nimeidharau kwa sababu hadithi kuu haikunielekeza huko. Mna makanisa matatu yaliyobomoka, na katika kila moja kuna kitu cha kuongeza nguvu ya dawa ya chupa, ile inayorudisha uhai. Njiani nilipata mawe ya kunolea upanga, majivu ya kuita wasaidizi vitani, na maadui wa kiasi changu. Nilichokipata kwa kuwapiga nilikitia karibu chote kwenye uhai, kabla ya nguvu ya mkono, na ningemshauri kila anayeanza afanye hivyo, kwani pigo moja likikumaliza huna nafasi ya kujifunza la pili. Na kabla ya kumrudia bosi, tumia ulichokusanya kwa kupiga maadui. Ukifa kinabaki pale ulipoangukia, ukifa tena kabla ya kukiokota kimepotea, na hasira ya kukifuata ndiyo inayomfanya mtu arudi palepale mara thelathini.

Ushauri huu hauendi kila mahali. Katika gemu ya Oblivion ya mwaka 2006 maadui wanapanda daraja pamoja nawe, kiasi kwamba majambazi wa njiani wanaishia kuvaa deraya za thamani kubwa, na kwenda kwengine kujijenga hakukupi faida unayoitarajia. Sikuipenda kwa hilo. Ulimwengu ambao kila kona ina uzito uleule haukupi sababu ya kuchagua njia. Gemu ya Breath of the Wild ya 2017 ndiyo iliyonifurahisha zaidi: ukishamaliza uwanda wa mwanzo unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwa adui wa mwisho, na ukifukuzwa huko unajua mwenyewe kwa nini unahitaji kuzunguka.

Kuhusu kuzunguka kwenyewe, tembea kama mtu wa Mji Mkongwe anavyotembea. Mgeni ameinamia simu yake kwenye kichochoro na bado anapotea, na mwenyeji anajua kwamba mnara wa msikiti fulani ukiwa kushotoni basi Darajani iko mbele. Elden Ring imejengwa kwa jicho hilo: mti mkubwa wa dhahabu unaonekana karibu kila upande, nawe unatafuta magofu, moshi, mwanga wa ajabu mlimani. Nimewahi kulipia saa nzima kwa udadisi huo. Kwenye magofu fulani karibu na ziwa nilifungua sanduku, ukafuka moshi, nikajikuta ndani ya mgodi wa nchi ya Caelid, kwa maadui ambao sikustahili kuwaona kwa wiki kadhaa, na huwezi kuhamia kwengine mpaka utoke nje kwa miguu. Mpwa wangu alicheka mpaka akaambiwa atoke. Ikikupata hiyo, usipigane na mtu, kimbia.

Sasa mapigano. Sisi tuliokulia Pemba tumeuona mchezo wa ng'ombe, ambao ng'ombe hauawi na sifa ni ya anayemkwepa. Kijana mgeni uwanjani huruka mara tu ng'ombe anapoinamisha kichwa, akatua pale ambapo pembe zinakuja. Mzoefu hutazama bega, kwa kuwa bega ndilo linalosema sasa anakuja kweli. Margit ana ujanja huohuo: anainua fimbo, anaishikilia juu kuliko unavyotegemea, wewe unabingirika kwa woga, ndipo anaishusha. Nilipoacha kuitazama fimbo na kuutazama mkono unapoanza kushuka, nusu ya mapigo yake yakawa hayanipati. Hakikisha pia mzigo ulioubeba hauzidi asilimia 70 ya uwezo wako, maana ukizidi hapo mbingiriko unakuwa mzito na macho mazuri hayakusaidii. Wala usiimalize pumzi yote kwa kushambulia. Bakisha ya kukwepea.

Nilimrudia baada ya siku tisa, na alianguka mara ya tano. Mwaka 2024 ilipotoka nyongeza ya Shadow of the Erdtree nilijiona fundi, nikaingia na levo yangu kubwa nikapigwa kama siku ya kwanza, kwa sababu kule nguvu inatokana na vipande vya mti uitwao Scadutree vinavyookotwa ardhini, vinavyokupandisha hadi daraja la 20. Safari hii sikungoja kuambiwa. Nilimpa mpwa wangu pedi ya kuchezea ajaribu yeye, nami nikawa namwonesha njia ambazo hatujapita.