Vita vya Biafra kwa vitendo, bila projekta

Mwalimu, umeuliza namna ya kufundisha Vita vya Biafra kwa vitendo, bila projekta. Kwa wanafunzi 45 na vipindi viwili ulivyonavyo, ningechagua ramani ya uzi. Makundi 9 ya watu watano. Kila kundi lipate manila iliyobandikwa juu ya katoni (bila katoni pini hazishiki), pini 15 na mita mbili za uzi mwekundu wa kufumia.

Wachore kusini-mashariki mwa Nigeria, wazungushie uzi Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria na kujitangazia uhuru Mei 30, 1967. Kisha soma matukio kwa mfuatano: Enugu kuanguka mikononi mwa jeshi la Nigeria Oktoba 1967, Port Harcourt Mei 1968, Owerri Septemba 1968. Kila mara uzi unasogea ndani. Kalamu ya wino marufuku, maana Aprili 1969 Biafra iliirudisha Owerri, na mstari wa wino haufutiki.

Port Harcourt, mji wa bandari, ndipo pa kukaa muda mrefu. Uliza: chakula kitapita wapi sasa? Wataona wenyewe kwamba bahari imekwenda, imebaki anga: uwanja wa Uli, ambao ulikuwa kipande cha barabara tu, ndege zikitua usiku. Chanzo cha njaa iliyoikumba Biafra hakihitaji tena hotuba yako.

Usiwaigizishe njaa wala mapigano. Darasa huishia kucheka. Dakika 20 za mwisho wape kadi ya Aprili 13, 1968, Tanzania ilipoitambua Biafra kabla ya nchi nyingine yoyote. Nusu watetee uamuzi wa Nyerere, nusu hoja ya Gowon, kiongozi wa Nigeria wakati huo, ya umoja wa nchi. Katikati wabadilishane upande, la sivyo mjadala utageuka ushabiki.