Kabla ya kuandika andiko la mradi, fuata njia ya dokezo

Mwaka wangu wa kwanza wa kuajiriwa chuoni hapa Moshi nilipata fedha za kuchunguza udongo wa mashamba ya kahawa na migomba upande wa Kibosho. Sampuli zilitakiwa zichukuliwe kabla ya masika. Dokezo, yaani barua ya ndani ya kuomba kibali, la vitendanishi (kemikali za kupimia) na vifaa likatoka kwa mkuu wa idara, likaenda kwa amidi, mkuu wa kitivo, likapita kurugenzi ya utafiti, likafika manunuzi, likarudishwa idarani kwa kuwa kasma, yaani fungu la bajeti, haikuandikwa. Lilipotoka uhasibu, mvua ilikuwa inanyesha wiki ya pili. Msimu ukapotea, na mwanafunzi wangu wa uzamili akachelewa kuhitimu.

Nilijilaumu sana. Leo naona kwamba hakuna aliyelalia dokezo lile. Kila meza ililishika siku mbili tatu tu. Meza ndizo zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja iliyowajibika kwa kalenda ya shamba.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, kabla hujaandika andiko la mradi kakae na katibu muhtasi wa idara akueleze karatasi hupita wapi. Uliza mkuu wa idara anaweza kuidhinisha nini peke yake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Vifaa vya Februari viombe Agosti. Vipindi navyo omba virundikwe muhula mmoja, upate miezi ya maabara isiyokatwakatwa.

Lakini kilichonigharimu zaidi ni kuta kati ya idara. Maabara ya baiolojia ya molekuli ya Cambridge, Uingereza, ilipofunguliwa mwaka 1962, mwenyekiti wake, Max Perutz, alitaka vifaa vitumiwe kwa pamoja na watu wakutane kantini, ambayo mkewe Gisela aliisimamia kwa miaka mingi. Sisi hatuhitaji jengo jipya kwa hilo. Nilikuwa nanywa chai ya saa nne ofisini kwangu, mlango umefungwa. Siku niliyokwenda kuinywa na wenzangu wa idara nyingine nikagundua kwamba mashine niliyokuwa naiombea fedha ipo kwao, ghorofa ya chini, inatumika mara mbili kwa wiki.

Sasa tunaagiza vitendanishi kwa dokezo moja, lenye saini za wakuu wa idara wawili. Februari iliyopita tulikwenda Kibosho kuchukua sampuli udongo ukiwa bado mkavu.