Tangi dogo la samaki: tayarisha maji, samaki waje baadaye

Karibu kila anayetaka kuanza kufuga samaki nyumbani huniuliza anunue samaki gani. Mimi humwuliza kwanza tangi lake lina lita ngapi. Samaki hula, hunyea na hupumua katika maji yaleyale, kwa hiyo maji yakiwa machache uchafu huwalemea upesi. Tangi la lita 10 linaweza kuharibika kati ya asubuhi na jioni, ilhali la lita 60 hukupa muda wa kugundua tatizo na kulitibu. Anayeanza simshauri kushuka chini ya lita 40. Chagua lililotanuka kwa upana kuliko lililosimama juu, maana oksijeni huingilia kwenye uso wa maji. Yale mabakuli ya duara siyapendi hata kidogo. Na usisahau uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 60, ukijumlisha kioo na changarawe, linaweza kuvuka kilo 70. Meza iwe imara kweli.

Kifaa cha kununua bila kusita ni chujio. Wengi hudhani kazi yake ni kunasa takataka zinazoonekana, kumbe kazi yake kubwa haionekani. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na samaki mwenyewe huitoa kupitia mashavu yake. Amonia ni sumu. Ndani ya sifongo la chujio huota bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Kwa hiyo jaza maji, washa chujio, tia punje chache za chakula zioze, na uwe unapima maji kwa vipimo vya matone, yaani vile vya kudondoshea dawa kwenye maji kidogo na kutazama rangi. Amonia na nitriti zikipanda, kisha zikashuka hadi sifuri na nitrati ikaonekana, hapo tangi linaweza kupokea wageni wa kwanza. Huniuma kuona mtu akipoteza samaki wote ndani ya wiki moja, akaamini hana bahati ya kufuga, wakati tatizo lilikuwa amonia tu.

Kwa tangi dogo napendelea chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa. Mkondo wake ni mpole, na halimezi vifaranga. Pampu iwekwe juu ya usawa wa maji, au mpira wake ufungwe valvu ya kuzuia maji kurudi umeme ukikatika. Sifongo likichafuka, likamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini huwaua bakteria uliowasubiri wiki zote hizo. Hata maji mapya ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kabla ya kuyamimina. Hita ni ya lazima pale chumba kinapopoa. Samaki wengi wa maji ya joto hustawi kati ya nyuzi 24 na 26, na wati moja kwa kila lita hutosha kwa kawaida. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, ikizidi hapo mwani hutawala.

Sasa samaki. Uliza atakuwa na ukubwa gani akikomaa, usitazame alivyo leo. Samaki wa dhahabu huvuka sentimita 15 na huchafua maji mno. Pleko, anayeuzwa akiwa saizi ya kidole eti asafishe kioo, anaweza kupita sentimita 30. Hao wawili waache.

Wanaofaa wapo, ila acha maji yako yachague. Birika lako likiganda ukoko mweupe, maji yako ni magumu, yaani yana madini mengi, na samaki wadogo waitwao gapi watayafurahia. Chukua madume peke yao, kwani jike huzaa takriban kila mwezi na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa. Maji yakiwa laini, chukua samaki wadogo waitwao neoni, wasiopungua sita, maana wakiwa wachache huishi kwa hofu; hawa wasiingie tangi ambalo halijatulia. Beta dume ni mzuri kuliko wote machoni pangu, lakini madume wawili hupigana hadi kufa. Ni kweli huvuta hewa juu ya maji, ila hiyo si ruhusa ya kumweka kwenye kikombe. Anahitaji maji yenye joto na yaliyochujwa kama wenzake.

Kwa lita 60, gapi madume sita au neoni kumi wanatosha, tena waingie kwa awamu. Walishe kile wanachomaliza kwa dakika mbili, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki.

Dukani, ukimwona mmoja mwenye madoa meupe au aliyebana mapezi, usinunue yeyote kutoka tangi hilo. Ukifika nyumbani acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20, ongeza maji ya tangi ndani yake kidogo kidogo, kisha mtoe samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage, yasiingie tangini.