Matunda ya mpungate yanaliwa, ila jihadhari na vinyweleo

Dada, umeuliza kama matunda ya zambarau ya ile kaktasi iliyoruka ua wa jirani mpaka barabarani yanaliwa, na kama kuyala kutaipunguza. La kwanza, ndiyo. La pili, sahau.

Nimeolewa Laikipia Kaskazini, upande wa Dol Dol, na huko mpungate, ndiyo hiyo kaktasi, si mgeni. Uliletwa enzi za mkoloni uwe uzio na pambo, leo umemeza malisho. Miiba mirefu unaiona, unaikwepa. Shida ni vile vinyweleo vya manjano kwenye vidoa vya tunda: vikiingia ulimini utashinda ukitema mate. Glavu za kitambaa usizitumie, vinanasa humo na kukudunga ukizivaa tena. Shika tunda kwa koleo la kugeuzia nyama, lizungushe juu ya moto mpaka vinyweleo viungue, kata ncha zote mbili, chana ubavu, vua ganda. Wengine huyaviringisha mchangani kwa tawi la majani. Inasaidia, lakini mimi naamini moto.

Ndani ni tamu yenye uchachu, na mbegu zake ni nyingi na ngumu. Ukizimeza kwa wingi choo kitagoma, ndiyo maana mimi huponda, huchuja kwa kitambaa, kisha huchemsha na sukari na ndimu nipate jemu. Mkojo ukitoka mwekundu kesho yake, usikimbilie hospitali.

Kichaka kilichopuliziwa dawa usikiguse. Ukiona kitu kama pamba kwenye majani, hao ni wadudu walioletwa kuudhoofisha. Waache na kazi yao.

Sasa kuhusu kupunguza. Ndovu na nyani wanayala kutushinda, na kila penye kinyesi chao mbegu inaota. Hata kipande cha jani kikianguka kinatoa mizizi. Australia, mpungate wa aina hiihii ulifunika mamilioni ya ekari, na aliyeuvunja nguvu ni kiwavi wa nondo wa Argentina aliyeachiliwa mwaka 1926, si mlaji wa matunda. Kwa hiyo makapi ya jemu usiyatupe jalalani, yachome.

Shemeji yangu ameonja jemu na sasa anataka kupanda mstari mmoja "wa biashara". Mbuzi wake wenyewe wana miiba midomoni kila kiangazi! Nimemwambia achume huko nje, hayataisha.